Afya na Michezo: Kijana Aumwaye Muundi

Siku za kuandikisha askari zinapokaribia, barabara za mitaa ya Nairobi hujaa vijana wakimbiao alfajiri. Wengi wao hawakukimbia tangu walipomaliza shule. Hutoka nyumbani kungali giza, wamevaa viatu vya raba vilivyonunuliwa Gikomba, na tangu siku ya kwanza hushika njia ya lami kwa nguvu zao zote, kana kwamba afisa mwenye saa amekwisha kusimama mbele yao. Juma la kwanza hupita vizuri. Juma la pili huja uchungu mdogo katika muundi wa mguu, yaani ule mfupa wa mbele utokao gotini mpaka kwenye kifundo. Uchungu huo haumshtui mtu, kwa kuwa mwili ukisha kupata moto hupotea. Juma la tatu haupotei tena.

Habari za kijana mmoja wa namna hiyo zatosha kuwa mfano wa wengi. Umri wake miaka 20, anakaa kwa baba yake mdogo huko Kayole, cheti cha shule anacho, kazi hana. Mara moja amekwisha kujaribu kuandikishwa, akarudishwa nyumbani kwa sababu mbio zilipokwisha alikuwa miongoni mwa wale wa nyuma. Safari hii alikusudia asirudishwe. Zilibaki siku 60, naye akahesabu kwamba akikimbia asubuhi sita katika kila juma miguu yake itakuwa kama ya farasi. Alianza na maili tatu. Baada ya siku kumi alikuwa akikimbia maili tano, tena kwa kasi zaidi, na siku ya mapumziko akaifuta, maana aliona kupumzika ni uvivu. Ameongeza urefu wa njia, ameongeza kasi, ameongeza siku, na mambo hayo matatu ameyafanya kwa pamoja.

Katika mtaa ule yupo mzee mmoja aliyekuwa sajini zamani, na vijana hupenda kumwendea kwa mashauri. Kijana alimkuta ameketi mbele ya duka.

"Mzee, mguu unaniuma."

"Wapi?"

"Hapa upande wa ndani wa muundi, kwa chini. Nikianza kukimbia ni kama napigwa fimbo."

"Usihofu, mwanangu. Sisi tulipokuwa depo sote tuliumwa hivyo. Mfupa hauwi mgumu mpaka uumie kwanza. Jifunge kitambaa, ukaze mwendo."

Mzee yule hakusema uongo, ila alisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli imekwisha kuvunja miguu mingi. Ni kweli kwamba mfupa huwa mgumu kwa sababu ya kazi. Tangu mwaka wa 1892 mganga wa Kijerumani, Julius Wolff, alitoa kitabu kueleza jinsi mfupa unavyojijenga kwa kadiri ya mzigo unaobebeshwa. Watu wengi hudhani mfupa ni kama nguzo ya nyumba, kitu kikavu kisicho na uhai, lakini mfupa una damu, una hisia, na ndani yake mna wafanya kazi wa namna mbili wasiopumzika: wale wanaoubomoa na wale wanaoujenga. Mtu aanzapo kuukanyagisha mfupa kwa nguvu usizozizoea, hao wa kwanza ndio waanzao kazi. Huondoa sehemu iliyochoka, wakaacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha wajengaji hufuata nyuma wakajaza mfupa mpya ulio bora.

Yeyote aliyeona barabara ya changarawe ikitengenezwa ataelewa upesi. Hapana mtu amwagaye changarawe mpya juu ya mashimo yenye matope. Kwanza huchimbwa ile ya zamani ikatolewa, na kwa siku kadha wa kadha barabara huwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Ikiwa msimamizi ana akili, huweka kizuizi na kuyapitisha magari machache tu kando kando. Ikiwa hana, malori hupita juu ya kazi usiku na mchana, na mwisho wake ni gari lililozama. Katika mfupa kubomoa huchukua majuma machache, na kujenga huchukua miezi, hata duru nzima ikatimia kwa muda wa miezi mitatu au minne. Ndiyo maana mkimbiaji mgeni huumwa juma la tatu au la nne, wakati anapojiona amepata pumzi na nguvu. Moyo na mapafu vimeitikia upesi, na nyama za mguu zimeitikia nyuma yake kidogo, lakini mfupa ungali umechimbwa.

Mwaka wa 2001 watafiti wa Sweden walichapisha habari za wanariadha waliokuwa na maumivu hayo kwa muda mrefu. Walipima uzito wa mfupa mahali pale panapouma, wakaona umepungua kuliko wa wanariadha wengine wasioumwa. Habari hiyo peke yake ingemtia mtu hofu, lakini watafiti wale wale waliwapima tena watu wao baada ya kupona, na mwaka wa 2003 wakatangaza kwamba mfupa ulikuwa umerudi katika hali yake. Basi muundi uumao si muundi ulioharibika milele. Ni kazi iliyoachwa katikati, nayo yataka muda ili imalizike.

Askari ndio waliofundisha ulimwengu mambo haya, na waliyafundisha kwa gharama ya miguu yao. Mwaka wa 1855 daktari wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika juu ya askari vijana ambao nyayo zao zilivimba na kuuma baada ya safari ndefu za kutembea. Hakuweza kuona ndani, kwa kuwa eksirei haikuvumbuliwa mpaka mwaka wa 1895. Mashine hiyo ilipopatikana, ikaonekana kuwa mifupa midogo ya nyayo ilikuwa imeingia nyufa, ingawa hapana aliyeanguka wala kupigwa. Tangu hapo waganga wa majeshi mengi wamekuwa wakichunguza kuruta wanaoumia, na mara kwa mara jambo hudhihirika lile lile: kijana aliyekuwa amekaa kitako atolewapo nyumbani akakimbizwa kila siku, mguu hutangulia kulalamika.

Kijana wa Kayole alifuata shauri la mzee. Alijifunga kitambaa, akameza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka, akaendelea siku tisa nyingine. Yafaa kusema wazi juu ya vidonge hivyo. Haviponyi muundi, huufunga mdomo tu. Mtu amezapo kidonge ili apate kukimbia amemfukuza mlinzi wa usiku kwa sababu alipiga kelele. Dawa za kuchua zenye kuwasha nazo hupasha ngozi moto bila kufika mfupani, na kumpa mtu mwenye mikono ya chuma aukandamize mfupa wenyewe ni kujiongezea adhabu. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, ikawekwa dakika kumi au kumi na tano, hupunguza uchungu kwa saa chache, haina madhara, wala haina muujiza.

Siku ya kumi hakuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Baba yake mdogo, mtu wa maneno machache, alimpa nauli akamwambia aende zahanati.

Afisa wa matibabu aliyemtazama hakuanza na mashine. Alimketisha, akamwuliza maswali, kisha akapitisha kidole gumba polepole juu ya ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia karibu na kifundo akipanda juu, huku akiutazama uso wa kijana zaidi ya mguu wake. Njia hiyo ni nzuri, na kila mkimbiaji aweza kuijifunza. Ikiwa uchungu umeenea kama mstari, urefu wa sentimita tano au zaidi, katika sehemu ya kati au ya chini ya muundi, aghalabu ni maumivu ya kawaida ya ukingo wa mfupa yanayowapata wageni. Lakini ikiwa sehemu nyingine haziumi sana, na papo mahali pamoja, padogo kama sarafu, ambapo mtu akiguswa huruka, hapo yafaa kushuku ufa.

Zipo dalili nyingine za ufa. Uchungu wa kawaida huja na kazi, ukapungua kwa kupumzika, lakini uchungu wa ufa hukaa. Humwamsha mtu usiku, humwuma atembeapo kwenda dukani, na ajaribupo kuruka kwa mguu mmoja hawezi kurudia mara ya pili. Mtu wa namna hiyo asikimbie hata hatua moja mpaka amepimwa. Wala asidanganyike na picha ya eksirei isiyoonyesha kitu, kwa kuwa katika majuma ya kwanza ufa mwembamba mara nyingi hauonekani. Picha ya MRI, ambayo hutumia sumaku, huuona mapema zaidi, lakini bei yake si ya kila mtu. Asiyeweza kuilipa, na dalili anazo, afanye kama aliye na ufa, awe chini ya uangalizi wa mganga. Kuipoteza miezi miwili bure ni hasara ndogo mbele ya mfupa uliokatika barabarani.

Namna ya tatu haihusu mfupa. Baadhi ya wakimbiaji huona shavu la mguu au upande wa nje wa muundi umekaza kama mkate ulioumuka ndani ya mkebe, na unyayo ukafa ganzi. Wakisimama, baada ya dakika chache mambo yote hupoa. Hapo nyama zimevimba ndani ya ganda lake zikabana damu na mishipa ya fahamu, nalo ni shauri la daktari. Na mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto ghafula bila ya kukimbia, au maumivu makali yakiongezeka kila saa baada ya kupigwa, asingoje kesho, aende hospitali siku ile ile.

Kijana hakuwa na ufa. Uchungu wake ulikuwa mstari mrefu kama kiganja, miguu yote miwili, wa kulia ukizidi. Alipoambiwa hivyo alifurahi mno, akauliza kama ataweza kukimbia baada ya siku tatu. Afisa alimwuliza zimebaki siku ngapi kabla ya kuandikishwa. Zilikuwa 31.

"Ndugu yangu," alisema, "katika siku 31 naweza kukufikisha mahali pa kutembea bila kuumwa, na labda kukimbia dakika chache. Siwezi kukufikisha kwenye mbio za mashindano. Ukienda, utakwenda na mguu huu huu. Ukipita, utaanza mafunzo na mguu huu huu, na huko hakuna atakayekuuliza unaumwa wapi."

Hesabu ya afisa haikuwa ya kumtisha kijana. Nchini Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, wanariadha 74 wenye maumivu haya walipewa mpango wa kurudia mbio kidogo kidogo. Kundi moja lilifuata mpango huo tu, la pili likaongezewa mazoezi ya kunyosha na kutia nguvu nyama za mguu, la tatu likavaa soksi za kubana. Ilipimwa muda mpaka mtu aweze kukimbia dakika 18 mfululizo. Makundi yote matatu yalikaribiana sana: wastani wao ulikuwa baina ya siku 102 na siku 118. Wapo waliopona mapema sana na wapo waliochelewa mno, lakini mtu aahidiye kuuponya muundi uliokwisha kulemewa kwa juma moja, awe ana soksi, mafuta au mashine, ahadi yake yafaa kupimwa kwa hesabu hiyo.

Usiku ule nyumba ya Kayole haikuwa na raha. Umri wa kuandikishwa una mpaka wake, na fursa ipitayo haijulikani itarudi lini. Baba mdogo alisema kwamba katika ujana wake watu walikwenda shule maili sita kwa miguu mitupu na hakusikia habari za muundi. Neno hilo husemwa sana, na jibu lake ni rahisi. Mtoto aliyeanza kutembea na kukimbia maili hizo akiwa na miaka saba mfupa wake ulijengwa polepole kwa miaka mingi. Kijana aliyepanda matatu tangu utotoni hakupewa miaka hiyo, naye hawezi kuinunua kwa siku 60. Lakini mwana hamjibu baba yake hivyo mbele ya chakula, basi kijana alinyamaza. Asubuhi alitangaza kwamba hatakwenda mwaka huo.

Yaliyofuata hayana sifa ya kuhadithiwa, na labda ndiyo sababu watu huyashindwa. Kwa siku 12 hakukimbia kabisa. Hakulala kitandani pia, kwa kuwa mfupa uliokosa kazi yote hudhoofika. Alitembea kwa kadiri isiyomwuma, akaazima baiskeli ya jirani na kuendesha nusu saa kila siku, jambo ambalo lilimhifadhia pumzi bila kuupigisha mguu chini. Mwenye kuweza kuogelea angefanya vema vile vile.

Kisha akaanza kazi ya ngazi. Alisimama ukingoni mwa kidato cha mlango, visigino vikining'inia, akajiinua juu ya vidole na kushuka polepole, kwanza kwa miguu miwili, baada ya majuma mawili kwa mguu mmoja. Mara nyingine alifanya goti likiwa limenyoka, mara nyingine limekunjwa kidogo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa goti likikunjwa kazi huhamia kwenye nyama ya ndani ya shavu la mguu, nayo ndiyo ibebayo mzigo mkubwa wa mkimbiaji. Nyama hiyo ikichoka, mfupa huachwa peke yake. Tena aliegemea ukuta kwa mgongo akainua nyayo huku visigino viko chini, mpaka nyama za mbele zikawaka. Jirani mmoja aliuliza kama amejiunga na dini mpya.

Alipoweza kutembea upesi nusu saa bila uchungu, na kidole kikipita juu ya mfupa bila kumshtua, alirudi barabarani. Alikimbia dakika moja, akatembea mbili, mara sita, basi. Siku ya pili alipumzika. Wengi hupatharau hapa. Mtu aliyekuwa akikimbia maili tano huona haya kuonekana akitembea, hasa mbele ya rafiki zake, na haya hiyo imewarudisha watu zahanati kuliko mawe ya njiani. Sheria aliyopewa kijana ilikuwa fupi. Uchungu mdogo, kama wa 2 katika hesabu ya 0 mpaka 10, waweza kuvumiliwa ikiwa hauzidi wakati wa kukimbia na ikiwa asubuhi ya pili haupo. Ukizidi, asimame. Ukimkuta kitandani asubuhi, arudi hatua moja nyuma, akae hapo juma zima. Aliongeza dakika au aliongeza kasi, lakini hakuviongeza vyote viwili katika juma moja.

Wakimbiaji wengi wameambiwa kwamba wakiongeza sehemu kumi kwa mia tu kila juma hawataumia. Kanuni hiyo ina busara, lakini isifanywe hirizi. Huko Groningen, nchini Uholanzi, wakimbiaji wageni 532 waliojitayarisha kwa mbio za maili nne waligawanywa. Baadhi walifuata mpango wa majuma 13 ulioongezwa kwa kanuni hiyo, na wengine mpango wa kawaida wa majuma 8. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008: walioumia walikuwa 20.8 kwa mia upande mmoja, na 20.3 kwa mia upande wa pili. Mmoja katika kila watano, kwa njia zote mbili. Basi karatasi yenye hesabu haitoshi, na mtu hana budi kuusikiliza mguu wenyewe, kwa maana watu wawili wenye umri mmoja na viatu vya namna moja hawana mfupa mmoja.

Katika juma la saba afisa alimtazama akikimbia katika uwanja wa shule, akaona kwamba anarusha mguu mbele sana na kutua kwa kishindo juu ya kisigino. Hakumfundisha namna mpya ya kukanyaga, jambo linaloweza kuhamisha maumivu kutoka muundi kwenda unyayo. Alimhesabia hatua tu. Zilikuwa 156 katika dakika. Akamwambia ajaribu 164 kwa mwendo ule ule, yaani hatua fupi zaidi na nyingi zaidi, nyongeza ya karibu tano kwa mia. Mguu ukatua karibu na mwili, kishindo kikapungua hata kwa masikio.

Juu ya viatu watu hubishana sana, na wauzaji hupenda wabishane. Kiatu kilichokwisha soli au kinachopinda upande mmoja hakifai, na wa mitumba yafaa kukikunja na kukitazama kabla ya kutoa pesa. Lakini hapana kiatu kilichopata kumwokoa mtu aliyejiongezea maili kwa pupa. Wala kutupa viatu na kukimbia peku kwa ghafula si dawa kwa mtu aliyevaa viatu maisha yake yote. Njia za udongo ni laini kuliko lami, na mwenye kuzipata azitumie, ila mashimo yake yana hatari ya kuvunja kifundo.

Chakula nacho kina neno lake. Mfupa hujengwa kwa chokaa na nyama, wala haujengwi kwa chai ya rangi. Maziwa, omena waliwao pamoja na mifupa yao, sukuma wiki, maharagwe, na uji wa wimbi, nafaka iliyo na chokaa nyingi kuliko mahindi kwa mbali, vyote hupatikana sokoni. Mkimbiaji anayekula kidogo ili apunguze mwili huku akiongeza maili hujiibia mwenyewe, na jambo hilo huwadhuru wasichana zaidi. Wanawake hupata maumivu ya muundi mara nyingi kuliko wanaume, na msichana akimbiaye ambaye damu ya mwezi imekoma bila ya mimba asifurahie kwamba amepumzishwa. Ni dalili kwamba mwili hauna chakula cha kutosha, na mifupa yake yaweza kuwa inapungua. Amwone mganga wala asione haya. Sigara huchelewesha mfupa kupona, na usingizi mchache haumsaidii mtu yeyote.

Wageni wengi huvunjika moyo wakitazama mabingwa, kwa sababu huwaona siku ya mashindano tu. Tangu Nyandika Maiyoro alipomaliza wa saba katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, mpaka Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na nukta 40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, watu wameona kasi. Mtu aendaye Iten au Kaptagat asubuhi ya siku nyepesi hustaajabu kuwaona watu hao hao wakianza kwa mwendo ambao hata karani wa mjini angeweza kuufuata kwa dakika kadha, wakizungumza na kucheka juu ya udongo mwekundu. Wanajua siku ya kukaza na siku ya kulegeza. Mgeni hukaza kila siku, maana hajui kama ipo namna nyingine.

Siku ya kuandikisha askari ilipita. Rafiki wawili wa kijana walikwenda, mmoja akachukuliwa, na jioni ile nyumba ya rafiki huyo ilikuwa na nyimbo. Kijana alikwenda kumpa mkono, akala, akarudi nyumbani mapema. Kesho yake ilikuwa siku ya dakika tatu za kukimbia na moja ya kutembea.

Siku ya 109 tangu alipokwenda zahanati alikimbia dakika 18 bila kusimama, kwa mwendo wa wastani, kutoka nyumbani mpaka karibu na barabara kuu na kurudi. Asubuhi iliyofuata alikaa kitandani akapitisha kidole gumba juu ya mfupa, kuanzia kifundoni mpaka juu, mara mbili. Hakuona kitu. Baba yake mdogo, aliyekuwa akinywa chai, aliuliza mguu u hali gani, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza juu ya mguu kwa miezi mitatu.

Hata hivyo mpango haukuisha. Anapoongeza njia mpya au kilima bado hutembea dakika moja katikati, kama alivyofundishwa. Mzee sajini, akiketi mbele ya duka, humwona akipita kwa hatua za polepole na kumwita: "Kaza, mwanangu! Umechoka mapema!" Kijana humwinulia mkono kwa heshima, hutazama saa, na kuendelea kutembea mpaka dakika itimie.